Mwaka Tulipolima Ngitiri

Darasa la sita tulifundishwa ngamia. Nilimchora kwenye daftari la sayansi, nikampaka rangi kwa kusugua udongo wenyewe, maana penseli za rangi hatukuwa nazo. Pembeni niliandika: ana kope ndefu za kuzuia mchanga, ana nyayo pana, ana nundu yenye mafuta. Chini yake nikachora dungusi, mmea usio na majani, wenye miiba, unaotunza maji ndani ya shina. Nilipata alama zote. Ngamia mwenyewe sijamwona hadi leo.

Daftari hilo bado ninalo, na ndiyo maana naanza nalo. Nataka kuandika habari za mwaka tulipolima ngitiri ya mama, na kila nikianza naona kama najitetea. Nimeshachana karatasi mara mbili. Basi nianze na kitu ambacho kipo, nakishika mkononi.

Nilipokuwa natoka shule na daftari hilo nilipita kila siku kando ya ngitiri yetu. Kwa asiyejua, ngitiri ni kipande cha malisho kinachofungwa. Mvua za masika zikielekea kuisha, mwenye nacho anaziba mlango kwa matawi ya miiba, na tangu siku hiyo haingii ng'ombe wala mbuzi, hata ndama wa jana. Nyasi zinakua, zinatoa mbegu, kisha zinakauka zikiwa zimesimama. Mtu wa mjini akipita atasema zimekufa. Hazijafa. Juu ni chakula kilichokauka, kama sisi tunavyokausha viazi tukapata michembe. Chini mizizi iko hai, imetulia tu, inasubiri. Kiangazi kikishakomaa, kwetu ilikuwa kama Septemba hivi, wakati nje kumebaki vumbi na mawe, miiba inaondolewa. Wanaingia kwanza ng'ombe wenye ndama na maksai wa kulimia, kipande kwa kipande, leo hapa kesho pale. Wanafika hivyo mpaka mvua.

Hayo sikuyaandika kwenye daftari lolote. Mwalimu hakuuliza, na mimi sikudhani ni elimu. Simlaumu mwalimu. Alitoka Bukoba kwenye migomba, angejuaje.

Kwetu ni nyuma ya Buswelu, na wakati huo kulikuwa shamba kabisa. Ukipanda juu ya mawe unaliona ziwa, jeupe kama sahani. Wageni walikuwa wanatushangaa: mnalia ukame na maji yale pale? Lakini ng'ombe wetu hawakuwahi kufa kwa kiu. Maji waliyafuata wakanywa wakarudi. Kinachoua ng'ombe kiangazi ni njaa, na ziwa haliotesi nyasi huku juu kwetu.

Nilirudi nyumbani mwaka kiwanda cha nguo kilipotupunguza. Kazi yangu mle ilikuwa kuunga nyuzi zilizokatika kwenye mashine. Walitukusanya uwanjani wakatusomea majina. Msimamizi aliyesoma alikuwa anasoma kwa sauti ya chini, nadhani aliona aibu. Walisema nguo zetu hazinunuliwi tena, mitumba imejaa sokoni. Niliumia sana. Ila siku hiyo nilikuwa nimevaa blauzi ya mtumba kutoka soko la Buzuruga, na sikuona nina la kusema.

Nyumbani walikuwapo watu wawili tu, mama, ambaye alikuwa mjane, na mdogo wangu wa kiume, mtu mzima tayari lakini hajaoa. Ng'ombe walikuwa kumi na wanne. Humo humo ndimo ilimokuwa mahari ya mdogo wangu, maziwa ya mama na maksai wetu wa jembe. Mdogo wangu aliacha shule darasa la pili kwa sababu lazima mtu achunge. Sijawahi kumsikia akilalamika, lakini hesabu yake ni rahisi. Mimi nilisoma kwa sababu yeye alichunga.

Siku moja nilimwonyesha daftari langu la zamani. Tulikuwa zizini, mama anakamua.

"Huyu nundu yake ya nini?" akauliza.

"Mafuta. Akikosa chakula mwili unatumia hayo."

"Na huyu wetu?" akamwelekezea dume kidole. "Yake ni kofia?"

Mama alicheka hadi maziwa yakamwagika kidogo.

"Na huu mti usio na majani, si ndugu yake manyara hii hapa?" Akaupiga ua wetu wa manyara kwa fimbo, utomvu mweupe ukachuruzika. "Dada, mlipelekwa mbali kote huko kuangalia ua wa mama?"

Nilicheka na mimi. Lakini moyoni nilisema, huyu hajasoma. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyosema.

Miaka hiyo biashara ya pamba ilikuwa imefunguliwa. Zamani unapeleka ushirika, unapewa karatasi, unasubiri. Sasa wakaja wanunuzi binafsi, kila mmoja na mizani yake chini ya turubai, na fedha taslimu mkononi. Wakala wa mmoja wao alifika kwetu kwa pikipiki. Alikuwa mtu wa adabu. Alivua kofia mbele ya mama.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kigoda."

Alikunywa maji, akatazama ngitiri upande wa pili wa manyara. Ilikuwa Oktoba, nusu yake imeshaliwa.

"Mayu, udongo mzuri hivi umelala tu?"

"Haujalala," mama akasema. "Umelisha hao unaowaona."

Akanigeukia mimi. "Dada, wewe umefanya kazi mjini. Kwa nini msijaribu pamba pale? Mbegu nawaletea. Mvua siiahidi, mvua ni ya Mungu. Ila mkivuna, mimi nanunua."

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi, nikitafuta uongo ndani yake. Sijauona. Aliuliza. Aliyemjibu ni mimi, tena nilijibu haraka, kama mtu aliyekuwa anangoja kuulizwa. Nilikuwa nimekaa miezi nyumbani nikila chakula cha mama. Nilitaka kuonekana nina faida.

Alipoondoka mdogo wangu akasema, "Dada, tukilima pale, Septemba ng'ombe watakula nini?"

"Mabua."

"Septemba mabua yameisha."

"Tutanunua mashudu kiwandani. Pamba si italeta fedha?"

"Mashudu. Wewe umewahi kuona ng'ombe wa kwetu anakula mashudu, au umeona malori yanayoyabeba?"

"Dunia inabadilika, mdogo wangu."

"Kiwanda kilikufundisha kuunga nyuzi. Hakikukufundisha ng'ombe."

"Na wewe ng'ombe wamekufundisha nini? Kunuka?"

Alijinusa kwapa, kama kwa utani, halafu akatoka nje. Nilitaka kumfuata, sikumfuata.

Mama alikaa siku tatu bila kutoa jibu. Siku ya nne asubuhi alisema, akiwa anachambua mchicha, bila kunitazama, "Mwenye shule ameshasema. Limeni."

Aliyelima ni mdogo wangu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine, kwamba hakugoma. Aliwafunga maksai wale wale waliokuwa wanalishwa pale, akashika jembe, na mimi nikatembea mbele nikiwaongoza. Jembe lilikuwa linakwama. Mizizi ya nyasi zile ilikuwa imesukana kama mkeka, mistari miwili tukapumzika, mistari miwili tukapumzika. Ilipong'oka ilitoa harufu tamu. Tulikata na migunga mitatu iliyokuwa katikati. Migunga ile ilikuwa inadondosha maganda ya mbegu wakati wa ukame mkali, na mbuzi walikuwa wanayafuata mbio wakisikia upepo tu. Tulichoma mkaa.

Lazima niseme pia kwamba pamba ilikubali. Kama ingekataa tungejua mapema. Tulivuna, wakala akaja, akapima, akalipa kama alivyosema. Mama akaezeka nyumba kwa bati. Mdogo wangu alipata viatu vya ngozi, akavivaa hata zizini, na mama akamwambia asije akakanyaga mavi kwa viatu vya harusi. Kwa wiki kadhaa nilitembea kijijini nikisalimiwa kwanza.

Halafu kiangazi kikaingia.

Agosti nilikwenda mjini kutafuta mashudu. Nje ya kiwanda cha mafuta palikuwa na foleni ya malori. Mlinzi aliniuliza lori langu ni lipi. Hakuwa ananidhihaki, ndivyo alivyozoea kuuliza. Soko lilikuwa huria, na aliyekuwa na lori alichukua kwa lori. Niliuziwa gunia mbili kwa huruma, nikarudi nazo. Zilikwisha upesi.

Ng'ombe wetu si wanyama legelege. Wamezaliwa kwenye shida. Wanaweza kukaa siku nzima wakitafuna majani makavu ambayo wewe ungedhani ni karatasi, na kiangazi wanapunguza hata mwendo, wanatembea taratibu ili nguvu isiishe. Lakini kila kiumbe kina mahali pake pa kufikia. Ukimtazama nundu unaona. Kwanza inapungua, halafu inalegea, halafu inalala upande kama mfuko uliomwagwa. Septemba nundu zote zizini kwetu zilikuwa zimelala.

Nilikwenda kwa jirani aliyekuwa rika la marehemu baba. Ngitiri yake ilikuwa bado imefungwa, nyasi za rangi ya simba zinafika kiunoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kwa ajili ya nyasi."

"Ndiyo, baba."

"Nikikufungulia wewe, wa kwangu nao wale bati?"

Wake zake walicheka nyuma ya nyumba. Yeye hakucheka. Aliingia kwa mundu, akanikatia mzigo mmoja mkubwa, akanitwisha mwenyewe kichwani. "Huu ni wa mama yako," alisema. "Usirudi tena, mwanangu, utanifanya nikukatalie." Alikuwa na haki. Ningekuwa yeye nisingetoa hata huo mzigo.

Hapo nikapata akili nyingine, ile ile yangu ya shule. Miaka hiyo gugu maji lilikuwa limevamia ziwa. Ghuba nzima ilikuwa kijani, mitumbwi inakwama, na sisi tunakufa kwa kukosa majani. Nikasema, kijani si kijani tu? Nilikwenda ufukweni na baiskeli, nikavuna magunia, nikasukuma baiskeli hadi nyumbani. Ng'ombe walilivamia. Siku ya tatu walianza kuharisha. Jani lile ni maji matupu, limeumbwa kuelea, halina kitu ndani. Walikuwa wamejaa tumbo na bado wana njaa. Jike mmoja mwenye ndama alilala ubavu asubuhi, na alipoinuliwa akalala tena. Mdogo wangu alimchinja kabla hajajifia. Nilitamani anitukane.

Wakati huo alikuwa ameshaanza kuchimba kamongo. Lambo letu lilikuwa limekauka, tope limepasuka vipande vipande kama vigae. Alikuwa anatembea juu yake ameinama, anatafuta tundu dogo la kuingia kidole. Akiliona anachimba kwa sururu pole pole, mpaka anatoa bonge la udongo, ndani yake ngozi nyembamba ya kahawia kama karatasi, na ndani ya karatasi samaki amejikunja, mkia umefunika macho. Alikuwa anawauza kwa Wajaluo na Wajita huko mwaloni, wanakoshushia samaki. Kwetu wanawake hatumli kamongo. Tunasema ni nyoka.

Siku moja nilimpelekea uji kule. Alikuwa ameshika bonge moja mkononi.

"Sikiliza," akaniwekea sikioni.

Nilisikia mlio mdogo, kama mtu anayekoroma mbali.

"Anapumua," akasema. "Maji yakipungua hangoji yaishe. Anachimba mapema, tope likiwa laini. Akichelewa, tope limeshakuwa jiwe."

"Anakula nini humo ndani?"

"Anajila mwenyewe. Nyama ya mkia. Mvua ikirudi anatoka mwembamba, lakini anatoka." Akaupokea uji, akanywa. "Dada, mimi nitaondoka nao."

Nilijua anasema ng'ombe. Tangu Agosti wachungaji walikuwa wanapita na mifugo yao kwenda kuvuka ziwa pale Kigongo, kuelekea Geita na misitu ya mbele yake, ambako walisema nyasi zinamfikia ng'ombe tumboni. Waliokwenda walikuwa wanarudi mara chache. Hilo ndilo mama alilokuwa analiogopa tangu baba afe, hata ile ngitiri alikuwa anaifunga kwa ajili hiyo, ili mtoto wake wa kiume asipate sababu ya kuondoka.

"Subiri mvua," nilimwambia.

"Ninao wanane wanaoweza kutembea. Wiki mbili zijazo nitakuwa na wanne. Nimechelewa tayari."

Nilimsindikiza hadi kivukoni. Ng'ombe waliogopa chuma, wakasukumwa. Alikuwa amevaa viatu vyake vya ngozi, vimeshapasuka. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba msamaha, nimeyapanga maneno toka Usagara. Kivuko kilipiga honi, yeye akamshika dume mkia, akaniambia, "Mwangalie mama. Na daftari lako ukalitunze, nitakuja kumwona ngamia." Nikacheka. Kivuko kikaenda. Maneno yangu nilirudi nayo.

Mvua ilinyesha wiki tatu baadaye. Kule kwa jirani, ndani ya siku saba ngitiri yake ilikuwa kijani. Mizizi ilikuwa chini pale pale, inasubiri, kama kamongo. Kwetu upande wa pili wa manyara iliota mbigili na kwekwe. Nyasi hazikuota. Tulizing'oa wenyewe, tena kwa jasho. Tulijaribu pamba mara ya pili bila maksai, kwa jembe la mkono, tukapata kidogo. Wakala hakupita tena. Nilisikia aliyekuwa anamtuma alifunga biashara. Sikufurahi na sikusikitika.

Mama hakunilaumu. Watu wakimuuliza habari za ng'ombe anasema, "Jua lilitushinda." Huwa nataka kusema, si jua, jua lilikuwapo miaka yote. Badala yake naingia ndani kupika.

Baada ya mwaka na kitu ikaja barua, imeletwa na mtu aliyetoka huko. Mdogo wangu aliandikiwa na mwenzake mwenye mwandiko wa kulala. Salamu zilikuwa nyingi. Ng'ombe wamezaa. Amepata mahali, lakini mahali si kwao. Mwisho kabisa: "Dada, niambie ukweli, ngitiri imerudi? Kama imerudi nitawaleta baada ya masika. Kama haijarudi nisiwatembeze bure."

Nilimsomea mama yote. Akasema, "Andika."

Nilichukua daftari, nikararua karatasi ya katikati.

"Andika, imerudi."

"Mama, haijarudi."

"Najua. Andika."

"Akifika akakuta mbigili?"

"Akifika atakuwa ameshafika," mama akasema. "Miguu yake itakuwa hapa. Mengine tutayaongea akiwa anakula."

Aliyeleta barua alikuwa amekaa kivulini anasubiri majibu, anakula karanga. Niliandika salamu zote alizozitaja mama, moja moja. Halafu nikaandika: "Haijarudi. Imeota mbigili. Usiwalete." Nilijiona mtu wa haki. Niliwafikiria ng'ombe wanane na ndama wao wakirudi kwenye ile ardhi niliyoiharibu mimi, nikasema siwezi kuwaua mara mbili.

"Soma," mama akasema. "Nisikie."

Nikasoma salamu zote. Nikafika pale. Nikasoma: "Imerudi. Njoo nao."

Mama aliichukua karatasi, akaikunja mara nne, akampa mgeni kwa mikono miwili.

Hakuja. Baadaye tulisikia ameoa huko, kwa mahari ya ng'ombe wale wale. Namtakia heri, na ni kweli namtakia. Lakini sijui hadi leo kama niliandika vile kwa ajili ya haki, au kwa sababu sikutaka arudi asimame pale, na viatu vyake vimepasuka, aone nilichofanya. Nikiwa mkweli nadhani yote mawili yalikuwapo, na sijui lipi lilishika kalamu. Mama alimpoteza mara ya kwanza kwa ushauri wangu. Mara ya pili kwa mwandiko wangu. Na kwa yote mawili ananishukuru kwamba nilisoma.

Kila mwaka masika yakielekea kuisha anakwenda kuuziba mlango wa ngitiri. Ndani hakuna kitu. Anasema barua huenda ilichelewa, njia ile ni mbovu, vivuko vinaharibika. Mwaka huu mgongo unamsumbua, akaniomba nikamkatie miiba.

"Kata ya kutosha," aliniambia. "Ng'ombe wa mdogo wako watakuwa wameongezeka, wataisukuma."

Nikakata ya kutosha.